Ardhi Yenye Sumu: Wajibu wa Chama Wachunguzi Wanapofika



Tuchukue mfano. Chama cha msingi kimekabidhiwa kiwanja chenye ghala kuukuu, ambalo bati zake zimekwisha kuezuliwa na sakafu yake imepasuka. Wanachama wameazimia kujenga hapo ghala jipya la mtama na alizeti. Lakini mzee mmoja, aliyepata kuwa kibarua mahali hapo, anasimama mkutanoni na kusema kwamba zamani ghala hilo liliwekwa dawa za wadudu, na kwamba hata leo mvua za kwanza zikinyesha harufu hutoka ardhini. Wengine wanacheka. Mwenyekiti anatazama saa. Katibu, mwenye kalamu mkononi, hajui kama neno hilo aliandike au aliache lipite.

Makala haya yanakusudia kumweleza katibu huyo kwa nini yampasa aliandike, na nini kifuate baada ya hapo. Maana uchunguzi wa ardhi yenye sumu haumalizwi na mtaalamu peke yake, hata awe na vyombo bora namna gani. Unahitaji kumbukumbu, macho na idhini ya watu wanaoishi juu ya ardhi hiyo. Wasiposhirikishwa, mtaalamu atachimba mahali pasipostahili, atauliza maswali yasiyohusika, na majibu yake hayataaminiwa na mtu.

Sumu huingiaje ardhini?

Mahali pa kwanza pa kutazamwa ni maghala ya zamani ya pembejeo. Kwa miaka mingi dawa za kunyunyizia mazao ziliwafikia wakulima kupitia vyama vya ushirika na mashirika ya mazao. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zake nyingi zikahamia kwenye mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu vyama kuundwa upya. Ni rahisi kuelewa kwamba ghala linapohama kutoka mkono hadi mkono, ufunguo hukabidhiwa lakini daftari la stoo hupotea. Dawa iliyobaki humkosa mwenyewe: makopo huota kutu, mifuko hupasuka, na kilichomo huingia chini.

Mahali pa pili ni majosho. Katika sehemu nyingi za Afrika majosho ya mwanzo ya kuua kupe yalitumia arseniki, na baadaye toksafeni ikashika nafasi yake. Arseniki haiozi wala haichakai. Maji ya josho yaliyokuwa yakitolewa na kumwagwa kando yaliiacha hapo, nayo itaendelea kuwapo. Katika nchi ya wafugaji kama Ugogo, ambako watu wengi walihamishiwa vijijini wakati wa Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971, si ajabu josho la zamani kubaki kwenye mahame, likiwa halijulikani na kijana yeyote wa leo.

Mahali pa tatu ni mashamba na mazalio ya ndege. Mashamba ya zabibu hupigwa dawa za ukungu, na zile zenye shaba huacha shaba yake udongoni mwaka hadi mwaka. Makundi ya kwelea kwelea hunyunyiziwa dawa mahali wanapolala, na dawa hiyo hainasi juu ya ndege peke yao.

Tena si kila sumu imeletwa na binadamu. Sehemu za Singida na za mikoa ya jirani zina maji ya ardhini yenye floraidi nyingi ya asili, na miamba ya Bahi na Manyoni ina urani. Kwa hiyo mchunguzi anapofika hana budi kutenganisha kilichomwagwa na kilichokuwapo tangu asili. Ndiyo sababu huchukua pia udongo wa mbali, mahali pasiposhukiwa, ili apate cha kulinganishia. Mwanachama asidhani kwamba huko ni kupoteza wakati.

Mtaalamu hajui anachokijua mkazi

Sumu iliyo ardhini haimdhuru mtu mpaka ipate njia ya kumfikia. Njia hizo ndizo mchunguzi anazozitafuta, nazo hutofautiana nchi kwa nchi. Kitabu chake kitamwambia kuhusu vumbi, maji ya kunywa, mboga na mikono ya watoto. Hayo ni kweli hata kwetu, ambako upepo wa kiangazi huinua vumbi jekundu na kulipeleka jikoni. Lakini kitabu hakitamwambia kwamba udongo wa mahali fulani ndio unaopendwa kwa kukandika kuta na kufunikia paa la tembe, kwa hiyo watu hulala chini yake. Hakitamwambia kwamba akina mama wajawazito hula udongo, wala kwamba kuna kichuguu wanachokipenda kuliko vingine. Hakitamwambia kwamba kiangazi maji huchimbwa mchangani katika korongo, wala kwamba korongo hilo hupita nyuma ya ghala. Hakitamwambia pipa la dawa lilikokwenda baada ya kuoshwa: kwamba sasa lahifadhi maji ya pombe au mbegu za msimu ujao.

Mambo haya yanajulikana na watu wa mahali, na mara nyingi na akina mama zaidi, kwa kuwa wao ndio wachotao maji na wakandikao nyumba. Mkutano unaoitishwa saa ya kuteka maji, ambao wanaume watupu ndio wanaosema, utampa mchunguzi nusu ya habari. Vivyo hivyo mkutano unaoendeshwa kwa Kiswahili cha ofisini mbele ya wazee wanaosema Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Katibu atafute mkalimani anayeaminiwa, tena asiwe mtu mwenye maslahi katika jambo hilo.

Funzo la Dodoma la mwaka 2016

Mkoa wetu una mfano wa karibu wa uchunguzi uliotegemea maelezo ya wananchi. Katikati ya mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wakiwamo wa Chemba, Kondoa na Kiteto, walianza kuugua ugonjwa usioeleweka: macho kuwa manjano, tumbo kuvimba, kutapika. Wagonjwa waliohesabiwa walifika 68, na 20 kati yao walikufa. Mwisho wake iligundulika kwamba ni sumukuvu, ambayo hutengenezwa na kuvu waishio udongoni na kuyaingia mahindi shambani na ghalani. Hiyo si sumu iliyomwagwa ardhini kama ile ya josho au ya ghala la dawa, lakini namna ya kuitafuta ni ile ile.

Wachunguzi hawakuishia hospitali. Walikwenda majumbani, wakauliza nini kililiwa, kilitoka wapi, kilikaushwa na kuhifadhiwa vipi. Wakalinganisha walioougua na wenzao ambao hawakuugua, na wakachukua sampuli za damu na za mahindi. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba chanzo kikubwa kilikuwa mahindi yaliyolimwa na kuwekwa akiba na kaya zenyewe.

Fikiri, ndugu msomaji, ugumu wa swali hilo kwa mtu aliyefiwa. Anaulizwa juu ya chakula alichowapikia watoto wake kwa mkono wake. Akihisi kwamba anashitakiwa, atakana. Akiyaficha mahindi kwa kuogopa yasichomwe moto, sampuli itakayochukuliwa itakuwa ya mahindi mengine, na jibu litakuwa la uongo ingawa mizani ya maabara ni ya kweli. Basi hapo ndipo chama kinapohitajika: kumwambia mwanachama, kabla mgeni hajabisha hodi, kwamba anayeulizwa si mshitakiwa bali ni shahidi.

Vikuge: kusafisha si mwisho wa kazi

Sasa tutoke nyanda za kati twende Mkoa wa Pwani, maana huko liko tukio linalofanana hasa na ghala la mfano wetu. Mwaka 1986 shehena ya dawa za wadudu kutoka Ugiriki, ipatayo tani 170, ilifika katika shamba la Vikuge, karibu na Kibaha. Ikawekwa bandani. Kadiri miaka ilivyopita banda lilianguka, na dawa zikachanganyika na ardhi.

Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Mtu apitaye angeweza kusema kazi imekwisha. Lakini wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipima udongo na maji ya mahali hapo na kutoa matokeo yao mwaka 2004. Udongo wa juu ulikutwa na D.D.T. na mabaki yake kufikia asilimia 28 mahali palipozidi. Maana yake, katika kilo 100 za udongo huo, kilo 28 zilikuwa dawa. Sumu ilikutwa hata sentimeta 50 chini, na ilikutwa katika maji ya kisima na ya juu ya ardhi. Wachunguzi walieleza wazi kwamba udongo uliobaki ulikuwa wenyewe ni taka ya hatari kwa watu wa vijiji vya jirani.

Kwa chama chochote hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, kuondoa makopo na kufagia si kusafisha. La pili, kupima mara moja hakutoshi. Inapasa kupima tena baada ya kazi ya kusafisha. Ikiwa hakuna mtu wa mahali anayekumbuka banda lilisimama wapi, huyo mpimaji wa pili ataanzia wapi?

Owino Uhuru: gharama ya kutosikilizwa

Mfano wa tatu watoka Mombasa, nchini Kenya. Katika makazi ya Owino Uhuru, yenye watu wapatao 3,000, palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Mwaka 2009 mama mmoja aliyeajiriwa kiwandani, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi mwilini. Alipopeleleza aliona kwamba watoto wa majirani nao wamedhurika. Wakazi waliandika barua, waliandamana, na walirudi tena na tena katika ofisi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi haikuondoka nacho, bali ilibaki katika udongo wa nyuani.

Madaktari wa Serikali walipopima damu za watoto, walipima pia watoto wa makazi mengine ya Mombasa yaliyo mbali na kiwanda. Kiasi cha risasi katika damu za watoto wa Owino Uhuru kilikuwa karibu mara mbili ya kile cha wenzao. Bila ya ulinganisho huo yeyote angeweza kusema kwamba watoto wote wa mjini wako hivyo.

Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua sehemu ya hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia. Hesabu miaka: tangu malalamiko ya kwanza mpaka neno la mwisho la mahakama ni miaka kumi na mitano. Mtoto aliyekuwa akinyonya amekuwa kijana. Kilichowawezesha wakazi kushinda ni kwamba walikuwa na karatasi: barua zenye tarehe, majibu ya maabara, majina ya walioougua. Chama cha ushirika, ambacho kazi yake ya kila siku ni kutunza kumbukumbu, hakina udhuru wa kukosa karatasi za namna hiyo.

Katibu afanye nini?

Turudi sasa kwenye ghala letu na mzee aliyesimama mkutanoni. Hatua zinazofaa ni hizi.

Kwanza, neno la mzee liandikwe katika muhtasari. Kisha Bodi iteue watu wachache, wake kwa waume, wakawahoji waliokuwa watunza ghala, vibarua na wanyunyizaji wa zamani. Wachore ramani: ghala liliposimama, makopo yalipofukiwa, maji yanakoelekea mvua ikinyesha, visima, makorongo na machimbo ya udongo wa kukandika.

Pili, mahali hapo pazungushiwe miiba na paachwe. Pasichimbwe, pasifagiliwe, na kisichochomwa kisichomwe, kwa kuwa moshi wa dawa huenda mbali kuliko dawa yenyewe. Watoto na mifugo wazuiliwe. Bati, mbao na mapipa yake yasiuzwe wala kugawiwa.

Tatu, taarifa iandikwe kwa Serikali ya Kijiji na kwa maafisa wa afya na mazingira wa halmashauri. Nakala ipelekwe Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na ikiwa ni dawa za mimea, kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Nakala ya chama ipigwe mhuri wa kupokelewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya; kwa hiyo taarifa hiyo si ombi la fadhila.

Nne, wachunguzi watakapofika wakutane na wanachama kabla ya kuchukua chochote, nao waulizwe: Mnatafuta sumu gani? Mtachukua udongo wapi, na wa kulinganisha mtautoa wapi? Mtachukua damu au mkojo wa nani, na atakayekataa atafanywaje? Nani ataona majibu? Mtarudi siku gani kuyasoma? Majibu yao yaandikwe. Mchunguzi mwema hatachukia maswali haya, yatamrahisishia kazi.

Tano, siku ya kuchukua sampuli wawepo mashahidi wawili wa chama. Waandike namba ya kila sampuli, mahali ilipotoka, kina chake na tarehe. Hawataki kumpeleleza mtaalamu, bali wanataka baada ya miaka kumi mtu mwingine aweze kuurudia mguu wake.

Kusoma majibu

Majibu ya maabara huja kwa vipimo vidogo. Miligramu moja katika kilo ni sehemu moja katika sehemu milioni. Katika gunia la kilo 100 hiyo ni miligramu 100, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Usidharau udogo huo wala usiuogope bure; uliza kiwango kinachoruhusiwa ni kipi, na cha udongo wa kulinganisha kilikuwa kipi.

Yafaa pia kufahamu mambo matatu. Neno “haikuonekana” halina maana kwamba hakuna kabisa. Maana yake ni kwamba chombo hakikuweza kuiona, au haikutafutwa. Sumu kukutwa ardhini si uthibitisho kwamba ndiyo iliyomwua fulani. Hapana budi njia ya kumfikia ionekane. Na kinyume chake, kukosa uthibitisho leo si ruhusa ya kujenga ghala la chakula juu ya mahali panaposhukiwa.

Majibu ya udongo na maji ni ya wote na yasomwe mbele ya mkutano. Majibu ya damu ya mtu ni siri yake na ya daktari wake. Yasibandikwe ukutani wala kutajwa kwa jina.

Hofu ya kusema

Limebaki jambo ambalo viongozi wengi hulisema faraghani. Habari ikienea kwamba ardhi ya chama ina sumu, je, mnunuzi hataikimbia alizeti yetu? Benki hatatunyima mkopo? Hofu hiyo si ya kipumbavu, wala makala haya hayataki kuidharau. Huenda kweli msimu mmoja ukawa mgumu.

Lakini pima upande wa pili. Mnunuzi akigundua mwenyewe, ataliacha zao lote la chama, si la kiwanja kimoja. Chama chenye ramani, barua na majibu ya maabara chaweza kumwonyesha kwamba mahali penye shaka ni hapa, pamezungushwa, na kwamba mtama huu umetoka kule. Chama kilichonyamaza hakina cha kumwonyesha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe hakimwendei aliyeficha. Humwendea mtoto achezaye nyuma ya ghala na mama akandikaye nyumba yake.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, mzee huyo akisimama tena, mpe nafasi amalize. Andika jina lake, mwaka anaoukumbuka, na mahali anapopaonyesha kwa fimbo. Watu waliofanya kazi katika maghala hayo wanazeeka, na wengi wamekwisha tutoka. Fanya kazi hiyo kabla ya mvua za mwaka huu.